Kipimo cha Gertruda

Mbinga Mjini,
Jumanne, 12 Agosti 2025.

Kwa kaka yangu Cuthbert,

Shikamoo kaka. Wifi na mapacha hawajambo? Natumaini barua hii inawakuta wote wazima, na kwamba joto la huko Chiwanda halijawafanya msahau kuwa kuna watu wanaotetemeka huku juu. Sisi hatujambo. Baba anavaa makoti mawili, moja ni lile lako la shuleni linalombana mabega, na magoti bado yanamsumbua akipanda mlima, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Jana alinigombeza kwa simu kwa sababu ya buti alizozisahau mwenyewe kwa shangazi Tereza. Mahindi yametosha. Maharage yamezaa vizuri kwenye mashamba ya mashimo, zile ngolo za upande wa mtoni, na hata zile za juu kabisa, ambazo vijana walitaka kuyafukia yale mashimo yake na kulima matuta ya kawaida, hazikumwangusha. Sasa anatembea kijijini kama mtu aliyeugundua mlima wenyewe.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mimi ambaye mkono umeshasahau kushika kalamu. Mwezi huu nimekupigia simu mara nne ili nikuambie haya, na mara zote nne nimeishia kukuuliza bei ya dagaa wenu wa usipa. Kwenye simu mimi ni mwongo, kaka, unanijua. Kwenye karatasi angalau siwezi kusingizia kwamba mtandao umekatika. Atakayekuletea ni Zaidi, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Anashuka Mbamba Bay Alhamisi na ameahidi kuifikisha mpaka kwako, pamoja na kifurushi cha maharage. Tafadhali soma barua kwanza, maharage baadaye. Ina habari ya Mzee Bernadi, aliyefukuzwa kazi kwa kosa langu, na ina habari inayokuhusu wewe mwenyewe.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Unaikumbuka sengu ya babu? Siku hizi ukiwasimulia watoto wa mjini kwamba kila nyumba ya ukoo ilibeba chakula chake hadi uwanjani kwa babu tukala pamoja, wanadhani unasimulia harusi. Mimi naikumbuka kila nikisikia harufu ya maharage yanayochemka. Wanaume walikaa upande wao, sisi na akina mama upande wetu, na bakuli zilizunguka. Mama alileta ugali na maharage, shangazi Tereza alileta majani ya maboga, na mke wa baba mdogo, kwa kuwa kwao ni ziwani, alileta samaki wakavu ambao sisi watoto tuliwatolea macho tangu wakiwa mlangoni. Tulikula vya nyumba zote, lakini hakuna aliyesahau kipi kimetoka kwa nani. Babu alikuwa na desturi yake ya kumega, kutafuna polepole, kisha kuitaja nyumba iliyopika, hata kama chumvi imezidi.

Na unaikumbuka siku ile nilipolibeba bakuli la shangazi Tereza na kutangaza kwamba nimepika mwenyewe? Nilikuwa na miaka minane. Babu hakunichapa wala hakupandisha sauti. Alinitwika bakuli lile lile na kuniambia nilirudishe mlangoni kwa mwenyewe, kisha nije nalo upya na kusema limetoka wapi. Nililia njia nzima, na wewe ulinifuata nyuma unacheka mpaka ukakaa chini.

Miaka mingi baadaye, uliporudi kutoka chuoni na kuanza kunifundisha kuandika programu, ulitumia sengu hiyo hiyo. Tulikaa kwenye stoo ya kahawa juu ya magunia matupu, kompyuta yako ikiwa juu ya debe. Ulisema hakuna mtu anayeandika kila kitu mwenyewe. Kazi ambayo mwenzako ameshaiandika vizuri unaichukua kama ilivyo, nayo inaitwa maktaba, ingawa haina vitabu wala mabenchi, na unauagiza mfumo wa kujenga programu uiunganishe na kazi yako. Nilipokuuliza inaunganishwaje, ulisema unaitaja kwa jina lake na toleo lake, kisha unauacha mfumo uitafute mahali ambapo kompyuta yoyote inaweza kuipata. Ulinikataza kabisa kuandika njia ya kwenda kwenye kabati la kompyuta yangu, kwa sababu kompyuta ya mtu mwingine haina kabati hilo. Ulinikataza pia kuchota msimbo wa mtu, yaani maandishi ya programu yake, na kuumwaga ndani ya wangu, maana mwenyewe akilirekebisha kosa lake kesho, mimi nitabaki na kosa la jana. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo kaka, ndiyo kaka, huku nikisubiri utoke nje nicheze ule mchezo wa nyoka.

Msimu ule ndio ninaoutamani kuliko misimu yote. Mama alikuwa msimamizi wa vichanja, zile meza ndefu za wavu ambazo kahawa iliyomenywa na kuoshwa huanikwa. Hakuwa na chombo chochote. Alichukua punje moja, akaing'ata kwa meno ya kushoto, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili, akasema bado siku tatu. Au siku mbili na nusu, na hiyo nusu hakuisema kwa kubahatisha. Wewe ulikaa kando yake msimu mzima na daftari lenye jalada la bluu, ukiandika saa za jua, saa za mawingu, unene wa kahawa mezani, na jibu la mama. Uliandika mpaka kung'ata kwake kukawa hesabu. Siku kompyuta ilipotoa jibu sawa na lake mara tisa katika kumi, aliitazama kwa mashaka na kukuuliza imewekewa meno wapi.

Maktaba ile ukaiita Gertruda, jina lake. Juu kabisa ya faili ukaandika mistari mitatu: kwamba kipimo hiki ni cha Gertruda wa Mkumbi, kwamba kimeandikwa na mwanawe Cuthbert, na kwamba yeyote anayekitumia awataje. Mama alikuomba umsomee mara mbili. Kisha akajifanya ana shughuli jikoni, nami nilipomfuata nilimkuta amesimama tu, hana shughuli yoyote. Mwaka uliofuata tulimzika, na wewe ukahamia huko ziwani kufundisha hesabu, na stoo ile baba akaifunga kwa waya.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mwishoni mwa mwaka juzi kikundi cha wakulima cha bondeni kwetu kilinipa kazi ya kutengeneza programu ya vichanja. Msimamizi aandike kila siku kama kulikuwa na jua, mawingu au ukungu, nayo programu imwambie kahawa ya meza ipi imekauka na ipi bado. Tangu siku ya kwanza nilijua nitamtumia Gertruda. Wewe sikukuambia. Nilijidanganya kwamba nataka kukushtua kwa furaha. Nikaijenga programu hapa mjini, ikajengeka bila kulalamika, nikaipakia kwenye flashi nikaenda nayo nyumbani Mkumbi nikiwa nimevaa gauni langu la Pasaka.

Mbele ya kamati na wanachama kama thelathini, kompyuta ya kikundi iligoma. Iliandika kwamba kuna maktaba inahitajika na haipatikani. Kumbe nilikuwa nimeandika njia ya kabati langu, kile kile ulichonikataza. Mfumo ulikuwa unagonga hodi nyumbani kwangu, kwa Lidia, ndani ya kompyuta ambayo haijawahi kuwa na nyumba ya Lidia. Mwenyekiti Urbani, ambaye hapitwi na nafasi ya kutania, aliuliza kama twende tukaazime vitabu parokiani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao huku masikio yanawaka. Akaniambia nirudi kesho yake.

Nilirudi mjini nimefura. Kuunganisha vizuri kungenichukua asubuhi moja, hata hiyo isiishe. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, huwa haitaki kusoma maelekezo. Nilimfungua Gertruda, nikachota msimbo wote, nikaumwaga ndani ya programu yangu kama mtu anayemimina uji wa jirani kwenye chungu chake. Kesho yake ilifanya kazi mara moja. Walipiga makofi, na mama mmoja alinifunga kanga yake mabegani.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Mwaka huu, mwezi wa saba, ukungu ulishuka bondeni ukakaa siku kumi na moja. Mzee Bernadi unamkumbuka, yule mrefu mwenye kofia ya sufu, aliyechukua usimamizi wa vichanja baada ya mama. Kila siku aliandika ukungu kwenye programu, kwa utii kabisa, ingawa hakuwahi kuipenda. Siku ya kumi na moja programu ikasema meza zote za upande wa juu zimekauka. Yeye aling'ata punje na kusema bado. Akaenda kwa Mwenyekiti na kumwambia kahawa hii ikifungwa kwenye magunia itaoza. Mwenyekiti akanipigia simu kuniuliza, na hapa ndipo naomba usiruke mstari, kaka. Nilimjibu kwamba programu imepimwa na meno ya mzee hayajapimwa.

Walifunga magunia arobaini. Baada ya wiki mbili stoo ya kikundi ilinuka uvundo mpaka njiani. Mwonjaji wa kahawa alifungua magunia matatu, akafunga, hakufungua la nne. Kamati ikakaa, na kwa kuwa kompyuta haina makosa, wakatafuta mtu mwenye makosa. Walisema msimamizi aliacha meza wazi bila turubai. Mzee Bernadi aliambiwa arudishe ufunguo wa stoo. Aliuweka mezani, akasema tu kwamba amechoka kubishana na kioo cha kompyuta, akaondoka. Baba alimsalimu akipita barabarani mchana ule, naye Mzee Bernadi hakumwitikia, kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani mwake.

Nilisikia yote hayo, nikanyamaza siku tisa. Nilijiambia labda kweli alisahau turubai. Nilijiambia ukungu wa mwaka huu si wa kawaida. Nilikuwa nakula vizuri tu, nisikufiche. Siku ya kumi nilikutana na mkewe sokoni hapa mjini, amekuja kuuza mbuzi, akanisalimia kwa upole na kuniulizia hali yangu na hali yako. Nikarudi chumbani na kuifungua programu. Haikunichukua hata nusu saa kuliona kosa, kwa sababu nilikuwa ninajua liko wapi. Nilijua tangu mwaka jana.

Hapo ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu. Septemba iliyopita ulinitumia ujumbe mrefu. Ulisema umemrekebisha Gertruda na kutoa toleo la pili. Ulieleza kwamba msimu ule tulipompima mama ulikuwa na siku mbili tu za ukungu, ukauhesabu ukungu sawa na mawingu, nusu saa ya jua kwa kila saa. Kisha asubuhi moja ukiwa ufukweni, ziwa likiwa limefunikwa huoni hata mitumbwi, ukakumbuka kwamba mama siku ya ukungu hakufunua meza kabisa, na hesabu yake aliirudisha nyuma siku nzima. Ukaandika upya. Ukasema yeyote aliyemuunganisha Gertruda kwa jina, akiijenga tena programu yake na kuliita toleo jipya, atapata rekebisho bila kugusa kitu kingine. Na mwishoni ukaniuliza, Lidia, wewe huwa unamtumia Gertruda? Nilikutumia picha ya dole gumba, jibu ambalo si ndiyo wala siyo.

Sikukujibu kwa maneno kwa sababu nisingeweza. Siku ile nilipochota msimbo wako, nilifuta mistari mitatu ya juu. Nilifuta jina lako na nikafuta jina la mama. Badala yake niliandika Kipimo cha Lidia. Kuchota nilichota kwa haraka na hasira, lakini kufuta, kaka, nilifuta kwa makusudi, nikiwa nimetulia, na chai mkononi. Machi iliyofuata nilipewa cheti hapa mjini kwenye sherehe ya wanawake, nikasimama na kusema kipimo hiki nimekigundua mwenyewe kwa utafiti. Nilikuwa nimechoka kuitwa mdogo wake Cuthbert. Shuleni, kanisani, hata benki, kila mahali mimi ni mdogo wake Cuthbert. Nilitaka kitu kimoja chenye jina langu, nikachukua cha mama yangu. Nililibeba bakuli lake na kusema nimepika mimi, na safari hii babu hakuwepo wa kunirudisha mlangoni.

Kama ningemtaja kwa jina, rekebisho lako lingenifikia mwaka jana. Kahawa isingeoza, na Mzee Bernadi angekuwa kazini kwake. Nimelia sana juu ya hilo, lakini kulia kwangu hakujakausha gunia hata moja.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Mkumbi asubuhi. Nilikiondoa Kipimo cha Lidia chote. Nikamtaja Gertruda kwa jina lake, toleo la pili, bila kabati la mtu yeyote, na nikaijenga programu kwenye kompyuta ya kikundi, si kwenye yangu, ili nione inasimama yenyewe. Ikasimama. Jumamosi niliomba wanachama waitwe, na nikaenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee Bernadi kumsihi aje. Alikuja akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikawaambia yote kama nilivyokuambia wewe, pamoja na cheti, pamoja na yale maneno yangu kuhusu meno ya mzee. Sikumwangalia mtu. Nilipomaliza hakuna aliyetania, hata Mwenyekiti. Walimrudishia Mzee Bernadi ufunguo pale pale mbele ya watu. Mimi kamati itanijadili tarehe 23, kama bado wananihitaji au la, na sina la kujitetea.

Kisha Mwenyekiti akasema tuione hiyo programu iliyorekebishwa. Sasa ikifunguka, kabla ya kitu chochote inaandika: Gertruda wa Mkumbi, toleo la pili, imeandikwa na Cuthbert. Mzee Bernadi alisogea taratibu na ile miwani yake yenye mkono mmoja, akasoma kwa kidole, herufi moja moja. Nilijiandaa kutukanwa. Akavua kofia.

"Ni Gertruda huyu wa kwetu?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiye.

"Ndiye aliyenifundisha kung'ata," akasema.

Kaka, sikuwa najua. Miaka yote hiyo mama alikuwa akimfundisha pale mezani, na mimi nikamwekea mbele yake kipimo cha mwalimu wake, nikiwa nimekata jina, na kumwambia aamini kioo kuliko meno yake. Alitoka nje kwenye meza ya kwanza, nasi sote tukamfuata. Akachukua punje, akaing'ata kwa upande wa kushoto, akainamisha kichwa vile vile, akasema siku mbili. Mwenyekiti akarudi ndani kutazama na kupaza sauti kwamba kioo kimeandika siku mbili na nusu. Mzee Bernadi akacheka peke yake, akavaa kofia yake.

"Hata alipokuwa hai," akasema, "alikuwa ananizidi nusu."

Wanachama wameniuliza kama mwenye maktaba ameruhusu itumike. Niliwajibu kwamba sijui, kwa sababu sharti lako lilikuwa moja tu na mimi nimelivunja. Basi ndiyo maana ninakuuliza. Ukikataa nitaiondoa, na Mzee Bernadi atang'ata mwenyewe kama zamani, na kahawa itakauka vizuri tu. Ukikubali, naomba jibu lako lije kwa maandishi nililete kikundini. Usinijibu kwa dole gumba, ingawa nastahili. Na kama utakaa muda bila kunijibu kabisa, nitaelewa hilo pia.

Nisalimie sana wifi, na mapacha uwaambie shangazi yao anawadai hadithi ya mamba waliyoniahidi. Baba anakusalimu na anauliza utakuja lini kuifungua ile stoo, maana waya umeshika kutu na yeye hataki mtu mwingine aukate. Shangazi Tereza naye anakusalimu. Maharage aliyokuletea Zaidi ni ya baba, kayalima yeye kwenye ngolo zake. Mimi nimeyachambua tu.

Ni mimi, mdogo wake Cuthbert,

Lidia.